Kifurushi cha Jumatatu

4 Februari

Mwanangu Chapuchapu,

Barua hii ikukute umekula, maana najua mkikaa mbele ya hizo kompyuta zenu tumbo mnalisahau. Sisi huku wazima. Mama yako ameanza kula vizuri, tena juzi alinigombeza kwa sababu ya chumvi, nikajua sasa kweli anapona. Dada yako amehamia chumba cha uani ili mama alale karibu na mimi. Paa la jikoni bado linavuja palepale. Fundi anakuja, anatazama juu, anatikisa kichwa, anaondoka. Nadhani anakuja kunywa chai tu.

Usishangae kuletewa barua ya karatasi. Sikio langu la kulia limestaafu kabla yangu, na la kushoto linafanya kazi nusu siku. Nikishika simu nasikia mvumo, basi najibu "ndiyo" kwa kila kitu. Mwezi uliopita nilimwambia "ndiyo" mtu aliyekuwa ananiuzia trekta. Kwa hiyo niandikie, nami nitakusoma polepole nikiwa nimekaa.

Nina neno. Unajua ni mimi niliyeuleta ule mfumo wenu wa kusajili wagonjwa hapa hospitalini. Nilisimama mbele ya mganga mkuu nikasema, mtoto wa kaka yangu ni mmoja wa walioutengeneza, hamtajuta. Mwanzo ulikuwa mzito lakini tukauvumilia. Sasa tangu mwezi wa kumi na mbili ni balaa. Kila Jumatatu asubuhi unajishusha upya kutoka kwenu, na mtandao wetu ni mwembamba, basi unaumeza wote. Mapokezi kompyuta inaganda. Maabara hawawezi kutuma majibu. Foleni inatoka mlangoni, inapita dirisha la dawa, inafika kwenye maegesho. Jumatatu iliyopita mama mmoja alijifungulia kwenye benchi langu la mapokezi, akiwa bado hajaandikwa jina. Mtoto ni mzima, usiogope. Lakini wenzangu wananitazama mimi. Wanasema, "Mwambie huyo mtoto wenu." Basi ninakuambia.

La mwisho. Tangu tumzike kaka yangu hujatia mguu hapa. Sikulaumu, kazi ni kazi, na mama yako anakutetea kuliko wakili. Lakini ile video ya mazishi niliyomwambia mpiga picha akutumie, uliipata? Uliitazama? Hujasema kitu.

Shangazi yako

27 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kuona mwandiko wako, ingawa ule mkia wa herufi ya mwisho ulinifanya nisome "trekta" mara tatu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, kwa hiyo hakuna kinachonipotezea muda. Mwambie mama nimefurahi kusikia habari ya chumvi. Mwambie dada vitabu vyake nimevipata, nitavituma.

Pole sana kwa hayo ya Jumatatu. Ngoja nikueleze kidogo ili uwe na la kuwajibu. Programu yetu hatuipeleki peke yake, kwa sababu ikifika kwenye kompyuta ya mtu inaweza kukosa kitu hiki au kile ikagoma. Kwa hiyo tunaifungasha pamoja na kila inachohitaji, na huo mzigo tunauita kontena. Ukishafika popote unafunguka na kufanya kazi. Mimi huuita kifurushi tu. Sasa kifurushi chetu kimenenepa. Kina gigabaiti mbili na zaidi, kumbe programu yenyewe ingetosha kwenye kiganja.

Kwa nini kimenenepa? Kuna jamaa mmoja hapa kazini ndiye anayefungasha. Si mtu mbaya, ila ni mvivu kidogo wa kupanga. Anakusanya folda nzima anaitupia ndani, na vifaa vya kujengea, na mafaili ya majaribio, na lolote lililolala humo. Nimeongea naye. Amefuta vitu vingi visivyohitajika. Jumatatu ya wiki ijayo kifurushi kitakachokuja kitakuwa chepesi. Unaweza kuwaambia wenzako bila wasiwasi.

Paa, msimpe huyo fundi chai tena. Mtaona litakavyopona haraka.

Mwanao,
Chapuchapu

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ushauri wako wa chai tumeufuata. Fundi hakuja tena kabisa, na paa linavuja vilevile, kwa hiyo tumeokoa sukari tu. Mama yako amepata shali mpya kutoka kwa mdogo wake, anaivaa hata jua likiwa kali. Anasema wewe utakapokuja atakuonyesha.

Sasa nisikilize. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kwenye kikao cha asubuhi. Nikainua mkono mimi, mzee mzima, nikasema mbele ya mganga mkuu na wauguzi wote kwamba Jumatatu inayokuja hapatakuwa na foleni, mtoto wetu ameshasema. Wengine walipiga makofi. Yule wa maabara aliuliza nina hakika, nikamjibu kwamba damu yangu haidanganyi.

Jumatatu ikafika. Nilivaa vizuri. Saa mbili kamili kile kifurushi kikaanza kushuka, na kompyuta ikaganda vilevile. Tukaandika wagonjwa kwa mkono nyuma ya makaratasi ya zamani mpaka adhuhuri. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Yule wa maabara alipita tu akasema, "Damu, Mama." Nimefanya kazi kwenye meza ile tangu wewe ukiwa unatambaa, na siku hiyo sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Huyo jamaa yenu mvivu, mwambie shangazi wa mtu anamsalimu. Mwambie simchukii. Lakini mwambie pia kwamba mtu akifanya kazi nusunusu, nusu iliyobaki haipotei, kuna mwingine anaifanya akiwa amesimama kwenye foleni na mtoto mgongoni.

Mimi kwa sasa niko chumba cha kufulia. Ni kwa muda, mganga mkuu amesema. Kuna hewa nzuri, na mashuka hayagombani na mtu. Wanafikiri kuurudisha mfumo wenu na kurudi kwenye makaratasi. Usimwambie mama yako chochote kuhusu hili ukimpigia simu.

Hujanijibu kuhusu video. Kama hujaitazama sema tu, sitakula nyama yako.

Shangazi

2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mama anaendelea vizuri na shali yake, na dada amepata vitabu. Huku mvua imenyesha wiki nzima na ofisini tumeweka ndoo chini ya dari, kwa hiyo sasa nawaelewa.

Nimechelewa kuandika. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Kila nilipofika kwenye neno "kufulia" kalamu iligoma.

Shangazi, hakuna jamaa mvivu. Ni mimi. Mimi ndiye ninayefungasha kile kifurushi tangu siku ya kwanza, na maelekezo yote ya kukijenga niliyaandika kwa mkono wangu, kwa haraka, kama jina langu linavyosema. Nilipokuandikia nilishindwa kujitaja, nikamzua mtu nikamtwika. Uliponitumia salamu za kumpa nilizisoma nimesimama jikoni, na aibu iliyonishika sijui niieleze vipi. Nilitamani ungenichapa.

Na wala sikudanganya niliposema vitu vimefutwa. Nilifuta. Nilifanya kosa ambalo anayeanza kazi hii jana hulifanya, sembuse mimi wa miaka sita. Kifurushi hujengwa tabaka juu ya tabaka. Ukiweka kitu kwenye tabaka la pili, kisha kwenye tabaka la tano ukaamuru kifutwe, hakiondoki. Kinafunikwa tu. Ukiingia ndani hukioni, ukipiga hodi hakiitiki, lakini kwenye mizani kipo kizima. Mimi niliongeza mstari wa kufuta mwishoni, nikachungulia ndani, nikaona pasafi, nikatangaza kwenye kikao chetu cha ofisini kwamba kazi imekwisha. Hata sikupima. Wewe ukasimama mbele ya watu kwa neno la mtu ambaye hakupima.

Baada ya barua yako nilikifungua tabaka kwa tabaka. Mengi ni uchafu wa kawaida wa kazi. Lakini kulikuwa pia na faili moja kubwa sana, la kwangu binafsi, la nyumbani, ambalo halikuhusika kabisa na lilikuwa limelala kwenye folda ya kazi kwa bahati mbaya. Hilo peke yake lilikuwa zaidi ya nusu ya mzigo. Sasa najenga upya kila kitu toka mwanzo, safari hii sawasawa, na sitatuma mpaka nimepima. Nitamwandikia mganga mkuu mimi mwenyewe.

Video, ndiyo, niliitazama. Asante. Mlimzika vizuri.

Nisamehe.

Chapuchapu

20 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Mama yako hajambo. Dada yako hajambo. Vitabu vimefika.

Wiki iliyopita fundi wa kompyuta wa hapa, yule kijana mrefu anayeinama akipita mlangoni, alichoka kusubiri kifurushi chako kipya. Akasema atakifungua hiki cha zamani aone kinabeba nini hasa. Alikipasua tabaka kwa tabaka, kama ulivyoandika wewe. Halafu akaja mbio chumba cha kufulia. Nilikwenda na mikono yangu yenye povu.

Aliniuliza, "Mama, huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi. Kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi, mezani pangu pa zamani, nimesimama na kanga yangu nyeusi kando ya kaburi la kaka yangu. Msichana aliyechukua nafasi yangu alikuwepo, na dereva wa gari la wagonjwa, na wagonjwa watatu wa mbele. Mfagizi alivua kofia. Mimi niliomba wazime, nikarudi kwenye mashuka, na sikuweza kukunja hata moja.

Sasa nimeelewa ni faili gani la nyumbani. Najiuliza hospitali ngapi zimekuwa zikimpokea kaka yangu kila Jumatatu bila kujua, na wangapi wamemlaani kwa kuchelewa.

Lakini si hilo lililoniumiza zaidi. Bahati mbaya humpata kila mtu, na mfanya kazi hakosi kuvunja chombo. Lililoniumiza ni kwamba uliandika uliitazama. Mwanangu, hakuna mtu aliyeitazama ile video akatoka na maneno "mlimzika vizuri". Ungeitazama usingeweza kuyaandika. Nilikuwa nangoja kwa miezi yote hii useme neno moja kuhusu kitu kimoja kilichomo humo, uniulize, unifokee hata. Ulipokuwa kimya nikadhani umekasirika na mimi. Kumbe hukufungua.

Tazama. Ukimaliza niandikie, au usiniandikie. Sitakuuliza tena.

Shangazi

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sitaanza na habari za huku. Nimeitazama yote.

Nilijifungia chumbani nikazima simu. Mwanzo ni kama nilivyoogopa, jeneza, wajomba, mama ameshikwa mikono. Kwa hilo nilikuwa nimejiandaa. Halafu msimamizi anauliza, "Mwanawe wa kwanza yuko wapi?" Na wewe unasogea mbele unasema kwa sauti, "Yuko njiani. Gari limewaharibikia, wanalitengeneza." Msimamizi anasema, "Basi tumsubiri." Na mpiga picha hakuzima kamera.

Nilidhani video imeganda. Nikaipeleka mbele, bado watu wamesimama. Nikaipeleka mbele tena, wamesimama. Kwa hiyo nikairudisha nyuma, nikaamua sitaruka hata sekunde. Nimewaona wazee wakihamisha uzito wa mwili mguu hadi mguu. Nimemwona dada anakwenda barabarani kutazama, anarudi, anakwenda tena. Jua linawahama kutoka upande mmoja wa uso kwenda mwingine. Mtu analeta viti, havitoshi. Mama hakukaa. Kila ukisikika mlio wa injini kwa mbali vichwa vyote vinageuka, wa mama kwanza. Mwisho msimamizi anakutazama, wewe unatikisa kichwa, na mnaanza. Ulichota udongo mara mbili. Mara ya pili ulitaja jina langu.

Sehemu kubwa ya ile video, Shangazi, ni nyinyi mnanisubiri. Ndiyo maana ilikuwa nzito.

Sasa nikuambie nilikuwa wapi, maana hamjawahi kujua, na wewe ulinifunika bila kujua. Hakukuwa na gari. Begi langu lilikuwa mlangoni tangu alfajiri. Kulikuwa na hospitali za kwanza za kuwashiwa mfumo siku hiyo, na nilikuwa nimemuahidi bosi nitaacha kifurushi kimeshajengwa. Nikasema nakijenga mara moja halafu naondoka. Kujenga kulikuwa kunachukua zaidi ya saa nzima. Kikafika mwishoni kikagoma kwa kosa dogo, koma moja. Nikairekebisha, kikaanza upya toka sifuri. Nikasema hii ndiyo ya mwisho. Kikagoma tena kwa kosa lingine. Hii ndiyo ya mwisho. Kila mara niliona ningewahi. Bosi alikuwa hata hajaniambia nibaki, angeniambia nenda kama ningemweleza. Sikumweleza mtu, kwa sababu sikutaka mwingine aje amalizie kazi yangu. Nilikaa pale nikitazama mistari ikipanda kwenye kioo, na nyinyi mnatazama barabara.

Na kuna jambo lililonikalia kooni zaidi. Juzi, nilipokuwa nakijenga upya, ndipo nilijua kwa nini kulichukua saa nzima. Mashine ya kujengea ina kumbukumbu. Mstari wa maelekezo usiobadilika haiurudii. Lakini ikikuta mstari uliobadilika, kila kilicho chini yake inakianza upya. Mimi niliweka juu mstari wa kunakili kazi yetu, ambayo hubadilika kila dakika, na chini yake mstari wa kushusha maktaba zote kubwa, yaani programu saidizi tunazotegemea, ambazo hazibadiliki mwezi mzima. Kwa hiyo nikigusa koma, dunia nzima inashushwa tena. Nimebadilisha nafasi za mistari hiyo miwili. Sasa kujenga kunakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mistari miwili tu, Shangazi. Ningeipanga vizuri siku ile, ningerekebisha koma zangu zote, ningefika nyumbani kabla jeneza halijatoka ndani. Nimekuwa nikisema kazi ilinizuia. Kazi haikunizuia. Nilizuiwa na uvivu wangu wa kusoma maelekezo niliyoyaandika mwenyewe.

Video ilinifikia wiki mbili baadaye. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikaishusha kwenye kompyuta ya kazi, kwenye folda iliyokuwa wazi mbele yangu, nikasema nitaihamisha jioni. Mpiga picha aliipa jina la tarakimu tupu, ikajificha kati ya mafaili ya majaribio. Ningeweza kusema niliisahau. Sikuisahau. Kila siku nilijua ipo mahali fulani, na kila siku nilijitahidi nisijue ni wapi.

Nimemwambia bosi na timu nzima, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama. Nilidhani watanicheka. Mmoja akauliza kama baba alikuwa mgonjwa muda mrefu, na mimi mwanawe sikuwa na uhakika. Tumeziomba hospitali zote zifute vifurushi vya zamani, na nimezipigia moja moja kuhakikisha. Kifurushi kipya nakijenga mahali pamoja, kisha kile kilichoiva tu nakihamishia kwenye kingine kitupu, na vifaa vyote vinabaki nyuma. Kina chini ya megabaiti mia mbili, hakifiki sehemu ya kumi ya kile cha zamani. Safari hii nimepima. Nimemwandikia mganga mkuu barua inayosema kosa ni langu, jina langu lipo, na kwamba wewe uliahidi kwa neno langu la uongo. Asomewe yeyote anayetaka kusikia.

Sasa pia naelewa kwa nini mama kila nikipiga simu ananiambia nisipande magari mabovu. Nilikuwa namjibu "sawa, Mama", nikidhani ni uzee.

Sijui kama naweza kuja. Sisemi nafasi, nafasi ninayo. Nasema sijui nitaingiaje mlangoni.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha kufulia, mlango nimefunga, mashine zote zinanguruma ili mtu asinisikie. Nikaisoma tena nyumbani. Sitasema haikuniuma. Kwa siku mbili sikutaka hata kuliona jina lako. Siku ya tatu nilikumbuka kwamba kaka yangu naye alikuwa hivyohivyo, alichelewa harusi yake mwenyewe akitengeneza baiskeli ya mtu, na mama yako alimsubiri amevaa viatu vilivyombana. Hilo halikutoi kosani. Nakuambia tu umelipata wapi.

Kifurushi chako kilikuja Jumatatu. Msichana wa mapokezi alikuwa ameandaa makaratasi na penseli tatu, watu wamekunja nyuso tayari kwa vita. Kikashuka na kuisha wakati bado anachonga penseli. Hakuna aliyegundua. Mpaka saa nne ndipo yule wa maabara aliuliza, "Kwani leo hakiji?" Akaambiwa kimeshakuja. Akaja mwenyewe kufulia kunipa mkono. Hakutaja damu.

Mganga mkuu aliisoma barua yako kwenye kikao, yote. Nilikaa nimeinama. Ni vigumu kusikia mtu wako akijivua nguo mbele ya watu, hata kama anafanya vizuri. Amenirudisha mezani pangu. Nimekubali, ila nimewaomba wiki moja zaidi nimalize mashuka niliyoyaanza.

Sasa na mimi niseme langu, kwa sababu wewe umesema lako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya kaburi la kaka yangu. Ulikuwa umetuma ujumbe asubuhi kwamba unatoka, na baada ya hapo simu haikupokelewa. Msimamizi alipouliza, niliona uso wa mama yako, na gari lile likatoka mdomoni kwangu lenyewe, limeshaharibika, mafundi wameshaanza kazi. Sikujua watasema wasubiri. Nilisimama pale nasikiliza uongo wangu unavyochosha miguu ya wazee, na sikuweza kuurudisha. Nilikuwa nangoja utazame video uniulize, "Shangazi, gari gani?" Nilitaka niulizwe na mtu, nipumue. Sikuthubutu kuusema ukweli mwenyewe, nikakuachia wewe, na wewe ukaniachia mimi.

Basi watu wazima wawili tumekuwa tukifunika funika. Nimechoka.

Mama yako hajui lolote. Video hajaitazama, anasema siku ile anayo yote kichwani. Anaamini ulikuwa barabarani umekwama juani, na bado anakuonea huruma. Jana tukiwa tunachambua mchele aliniuliza kama lile gari lilikuja kutengenezwa, na yule dereva alikuwa nani, maana angependa kumshukuru kwa kukutunza.

Nimemwambia nitakuuliza. Zaidi ya hapo sitamdanganya tena. Njoo umjibu wewe. Mlango ni uleule, na yeye hukaa hapohapo karibu nao.

Shangazi yako